Kioo Kilichokomea Pwani

Mwanzoni mwa mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita Tongoni, kusini mwa Tanga, akatazama magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Kwenye kaburi moja alikuta kipande cha kigae cha kung'aa chenye maandishi ya Kiajemi. Mwezi Juni mwaka huohuo akaondoka Kaole na msafara wake kuelekea bara, na tarehe 7 Novemba akaingia Kazeh, mji ambao leo ni Tabora. Kabla ya kufika alipita Tura, Rubuga na Kigwa. Tura na Kigwa leo ni kata za Wilaya ya Uyui, ndani ya jimbo la Igalula. Mwenyeji wake Kazeh alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Omani, aliyekaa katika tembe: kuta za udongo, paa bapa la udongo, uwa katikati. Wenye matembe ya namna hiyo walikuwa watu wa fedha. Pembe za ndovu zilipita mikononi mwao kwa mamia, na baadhi yao walitoka miji ambayo mihirabu yake imepambwa kwa vyombo vya kauri. Hata hivyo walipojenga Unyanyembe, yaani nchi inayouzunguka mji huo, kauri ya ukutani haikuwafuata.

Mtu mmoja, mwaka mmoja, alipita kwenye ncha zote mbili za habari hii. Tongoni palikuwa na masalia ya sanaa iliyozaliwa mbali sana, Uajemi. Tabora palikuwa mahali ambapo sanaa hiyo haikufika kamwe. Kigae cha Tongoni nacho hakipo tena kaburini.

Ukiuliza kwa nini pambo la kauri lilikufa katika ujenzi wetu, jibu la haraka ni Wareno. Jibu hilo lina tarehe zake: Vasco da Gama alipita mwaka 1498, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa. Tatizo ni kwamba makaburi hayalikubali. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopachikwa vyombo vya Kichina, yaani miaka mia mbili na zaidi baada ya Almeida. Kitu kilichouawa mwaka 1505 hakiwezi kuwa kinapamba kaburi katika miaka ya 1700. Sababu lazima itafutwe kwingine, na naona inaanzia kwenye jambo ambalo wasifu wa miji ya pwani hulipita haraka: kwa muda unaokaribia miaka elfu moja, pwani ilinunua kauri ya kung'aa bila kuichoma yenyewe.

Tuanze na waliokuwa wakiichoma.

Mji wa Kashan uko ukingoni mwa jangwa katikati ya Iran. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 12 mafundi wake walitengeneza vigae ambavyo hadi leo havijapata mshindani kwa mng'ao. Ukoo mmoja, ukoo wa Abu Tahir, ulishika kazi hiyo kwa vizazi vinne. Mtoto wa ukoo huo, Abu'l-Qasim, aliyeacha tanuri akawa mwandishi wa historia katika jumba la watawala wa Kimongolia, aliandika mwaka 1301 namna kazi ilivyofanywa. Mwili wa kigae, anasema, si udongo mtupu. Ni sehemu kumi za mawe meupe ya kwazi yaliyosagwa, sehemu moja ya kioo kilichosagwa, na sehemu moja ya udongo mweupe laini. Rangi ya buluu ilitokana na madini ya kobalti kutoka kijiji cha Qamsar, hapohapo jirani.

Kigae kikishachomwa na kupata utando wake wa kioo, fundi alikichora tena kwa mchanganyiko wenye fedha na shaba, akakirudisha tanurini mara ya pili. Safari hii aliziba pumzi ya tanuri ili moshi ule hewa yote. Madini yakabaki juu ya kioo kama utando mwembamba kuliko karatasi, wenye mng'ao wa dhahabu. Moshi ukipungua, hakuna kilichotokea. Ukizidi, tanuri zima limetoka jeusi. Mteja aliyelipia kigae cha Kashan alikuwa analipia pia vile vyote vilivyoharibika.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kuishi bila mteja mkubwa, na mteja mkubwa alikuwa dola. Abaqa Khan, mtawala wa Kimongolia, alijengewa kasri Takht-i Sulayman miaka ya 1270, kuta zake zikavishwa vigae vya nyota na misalaba. Makaburi ya watukufu wa Kishia nayo yakaagiza. Kisha mwaka 1335 mtawala Abu Said akafa bila mrithi, dola ikasambaratika, na karibu na mwaka 1340 vigae vya dhahabu vya Kashan vikakoma kwa ghafla inayoonekana waziwazi kwenye tarehe zilizoandikwa juu ya vigae vyenyewe.

Hapa ndipo Uajemi na pwani yetu zinapoachana. Kashan iliponyamaza, matanuri ya Uajemi hayakupoa. Mafundi walihamia ufundi mwingine: kuchoma vibapa vya rangi moja moja, kuvikata kwa patasi vipande vidogo, na kuvipanga upya kuwa maua na maandishi. Msikiti wa Goharshad huko Mashhad, uliokamilika mwaka 1418, ni wa kazi hiyo. Kila rangi ilichomwa kwa joto lake, ndiyo maana buluu yake ni buluu kweli. Lakini kukata vipande huchukua miaka, na watawala wana haraka. Shah Abbas alipoanza msikiti wake mkuu wa Isfahan mwaka 1611, sehemu kubwa ya kuta zake ilivishwa vigae vya mraba vilivyochorwa rangi zote pamoja na kuchomwa mara moja. Ni rahisi zaidi na ni haraka zaidi. Ila joto moja haliwezi kuzifaa rangi saba, na jicho lililozoea Goharshad linaona kwamba rangi za Isfahan zimefifia kidogo. Huo ni upungufu, na wanahistoria wa sanaa wana haki ya kuuita hivyo. Lakini ni upungufu wa anayeshuka ngazi, na ngazi ya chini ikawepo kila alipotafuta pa kukanyaga.

Pwani haikuwa na ngazi.

Vyombo vya Kiajemi vilifika kwetu mapema. Unguja Ukuu, Manda, Shanga na Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vya mitungi mikubwa yenye utando wa buluu ya feruzi, ya karne ya 8 na 9 na kuendelea. Baadaye vikaja vyombo vya kuchorwa kwa mikwaruzo, kisha kauri za China zikatawala. Kigae, hata hivyo, kilikuwa adimu. Sababu yake ni ya biashara tu. Kigae huagizwa kwa kipimo: mjenzi anapima ukuta, anapeleka vipimo, fundi anachoma kulingana navyo. Kutoka Kilwa hadi Ghuba ni safari ya upepo wa msimu, kwenda na kurudi mwaka mzima, na kutoka Ghuba hadi Kashan ni mwendo mwingine wa wanyama wa mizigo. Nani atasubiri? Bakuli halina vipimo vya kusubiri. Linashuka jahazini tayari.

Basi wajenzi wa pwani walifanya jambo la akili. Walichukua bakuli la kulia chakula wakalifanya pambo la ukuta. Hawakuwa peke yao duniani: makanisa ya Pisa, Italia, yalipachikwa mabakuli ya Waislamu tangu karne ya 11, na huko Omani mihirabu ya karne ya 16 katika maeneo ya Manah na Nizwa ina bakuli la Kichina lililozamishwa katikati ya lipu ya kuchonga. Lakini sijui sehemu nyingine ambako jambo hili lilishikwa kwa upana kama kwetu. Kilwa Kisiwani, msikiti mdogo wenye kuba ulipachikwa mabakuli darini, ya Kiajemi na ya Kichina, ili anayeinua macho ayakute juu yake. Gedi, Mambrui, Kaole na Kunduchi, vyombo vilipanda kwenye mihirabu na kwenye nguzo za makaburi. Na pale ambapo Mwajemi angeweka mihirabu ya vigae vyenye maandishi, fundi wetu alichonga tumbawe. Maandishi ya Kizimkazi, ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yamechongwa kwenye tumbawe kwa mwandiko ambao mtu wa Siraf, bandari ya Uajemi, angeutambua.

Namna ya kupachika inastahili kutazamwa karibu. Lipu ya chokaa ilipakwa nene. Ikiwa bado mbichi, fundi alisukuma bakuli ndani, kisigino cha bakuli kikitangulia na mdomo ukielekea nje, hadi ukingo ukawa sawa na uso wa ukuta. Kisha akapitisha kidole kuzunguka ukingo, chokaa ikapanda kidogo na kulishika. Hakuna gundi nyingine. Bakuli likitoka leo, kwa kisu au kwa chumvi, linaacha tundu la mviringo lenye kina, na chini kabisa ya tundu unaona duara dogo la pili: alama ya kisigino cha bakuli, imebaki kwenye chokaa kama ilivyokuwa siku fundi aliposukuma.

Kwa nini basi, kwa uhodari huo wote, hakuna aliyechoma kauri yake? Wengine husema hapakuwa na joto la kutosha. Hoja hiyo haitoshi. Watu wa pwani walichoma chokaa ya tumbawe kwa mirundo mikubwa ya magogo, na matumbawe hayageuki chokaa bila moto mkali sana. Kilichokosekana ni tanuri la kufunga, ambalo fundi anaweza kulitawala ndani, na zaidi ya hilo alikosekana mtu mwenye sababu ya kulihitaji. Wafinyanzi walikuwa wanawake wa vijijini, na chungu chao kilikuwa sahihi kwa kazi yake. Mtungi wa maji hupoza maji kwa sababu unatoa jasho. Ukiupaka kioo umeua kazi yake. Chungu cha kupikia huvumilia moto wa mafiga kwa sababu mwili wake ni wa chembe kubwa na una pumzi. Aliyetaka kioo alikuwa bwana wa nyumba ya mawe, na huyo alikuwa na jahazi. Kati ya mfinyanzi asiyehitaji kioo na tajiri aliyekipata bandarini, elimu ya kioo haikupata mtu wa kuitafuta. Sioni aibu ndani yake. Naona gharama iliyokuja kulipwa baadaye.

Karne ya 19 ikageuza mwelekeo wa fedha. Utajiri uliokuwa ukiangalia baharini ukageuka kutazama bara, na njia kuu ikawa ile ya kutoka Bagamoyo kupita Ugogo, Tura na Kigwa hadi Tabora, kisha Ujiji. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa wamejenga Kazeh tangu karibu mwaka 1852. Njia hiyo ilikuwa na sheria moja isiyo na huruma, nayo ni bega la mpagazi. Mzigo wa mtu ulikuwa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, kwa zaidi ya kilomita 800. Msafara wa Burton ulitumia miezi minne na zaidi. Kila mzigo uliopanda kutoka pwani ulilazimika kujibu swali moja: ukifika, utanunua nini? Vitambaa vya merikani na kaniki vilijibu. Waya wa shaba ulijibu. Kauri ni nzito, inavunjika, na huko Unyanyembe haikuwa fedha ya kumnunulia mtu pembe.

Lakini kioo kilifika, kwa umbo lingine. Shanga nyekundu za samisami, zilizotengenezwa Venice, zilipita Igalula kwa mizigo isiyohesabika. Kile ambacho Kashan ilikiweka ukutani, Unyamwezi ilikivaa shingoni na kiunoni. Ni kioo kilekile, cha mchanga ulioyeyushwa na kutiwa rangi ya madini, ila shanga haivunjiki mgongoni, hugawanyika kwa kete, na inakubalika kama fedha. Katika habari za upambaji tumezoea kutazama majengo tu, na kwa kutazama majengo tu tungeandika kwamba Unyanyembe haikujua kioo.

Kitu kingine kilichofika ni mlango wa kuchonga, na kufika kwake kunaeleza kwa nini kauri haikufika. Fundi wa milango hana haja ya kubeba mlango. Anabeba patasi na nakshi zilizo kichwani, anafika Tabora, anakuta mninga umesimama porini, anaanza kazi. Ufundi unaokaa mikononi mwa mtu husafiri bila mzigo. Kauri ya pwani haikukaa mikononi mwa mtu yeyote wa pwani. Ilikaa China, Uajemi, baadaye Ulaya, na kilichokuwa mikononi mwetu ni kupachika tu. Anayetembelea tembe la Kwihara, alikokaa Stanley mwaka 1871 na Livingstone hadi Agosti 1872, na ambalo sasa ni makumbusho, anaona mambo hayo mawili mlangoni: mbao zilizochongwa kwa nakshi za pwani, zimeshikwa na ukuta wa udongo usio na pambo lolote.

Ningeweza kuishia hapo na kusema njia ilihama, pambo likafa. Lakini pwani yenyewe inanikatalia. Kauri haikupungua bandarini katika karne ya 19. Iliongezeka. Viwanda vya Staffordshire, Uingereza, na vya Maastricht, Uholanzi, vilichapisha sahani za maua kwa mashine na kuzishusha Unguja, Lamu na Mombasa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza. Kwenye zidaka za nyumba za Lamu sahani hizo zilipangwa, na kwenye kuta za nyumba nyingi zilitundikwa. Ni katika karne hiyohiyo ya wingi ndipo desturi ya kupachika kauri kwenye msikiti na kaburi ilipofifia.

Pambo hili lilikufa kwa wingi, wala halikufa kwa uhaba. Kwa karne nyingi bakuli la kauri juu ya nguzo lilisema jambo moja: aliyelala hapa alikuwa na mkono uliofika ng'ambo. Sahani ilipoingia kila jiko, haikuweza tena kusema hivyo. Mwenye nacho akahamia lugha nyingine ya kuonyesha, akaichukua milango mikubwa ya Unguja, samani za Kihindi, saa za ukutani. Huko Uajemi, fundi akiona kazi yake imekuwa ya kawaida ana la kufanya: hubadili rangi, hubadili mwandiko, hubuni mbinu ambayo jirani hajaijua. Mnunuzi wa pambo lililokamilika hana uwezo huo. Hawezi kulipandisha hadhi wala kuligeuza. Anachoweza ni kuliacha, na pwani ikaliacha. Bila shaka kulikuwa na mengine yaliyosaidia, kama vile wanachuoni waliosisitiza kaburi lisilo na majivuno, na miji midogo kama Kaole kuzidiwa na Bagamoyo na Unguja. Nayaona kama mafuta juu ya moto uliokwisha kuwaka.

Baada ya kifo likaja jambo la pili, uporaji, na hapa Uajemi na sisi tunakutana tena. Varamin, kusini ya Tehran, kaburi la Imamzada Yahya lilivishwa vigae vya nyota mwaka 1262 na mihirabu ya dhahabu mwaka 1265, kazi ya Ali bin Muhammad wa ukoo uleule wa Abu Tahir. Katika karne ya 19 kuta zake zilivuliwa. Nyota zake leo zimetawanyika katika makumbusho za London, Saint Petersburg na kwingineko, na mihirabu yenyewe iko Honolulu, kwenye nyumba ya marehemu tajiri wa Kimarekani Doris Duke, aliyeinunua mwanzoni mwa miaka ya 1940. Hata watu waliojua kuchoma hawakuweza kulinda walichokwisha kukichoma.

Pwani uporaji ulikuwa wa rejareja. Mmoja alichukua bakuli kama kumbukumbu ya matembezi, mwingine akavunja akidhani nyuma ya kauri pamefichwa fedha. Kuna pia mwizi asiyeshtakiwa: chumvi. Jiwe la tumbawe lina chumvi ya bahari ndani yake, na unyevu ukipanda na kukauka, chumvi huganda nyuma ya bakuli na kulisukuma taratibu hadi chokaa iliachie. Mizizi ya miti hufanya hivyohivyo kwa nguvu zaidi. Nguzo maarufu ya Mambrui iliporomoka yenyewe. Kaole ilifanyiwa uchimbaji na uhifadhi mwaka 1958, wakati Neville Chittick alipokuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale ya Tanganyika, na kwa sehemu kubwa nguzo zake leo zinaonyesha matundu tu.

Matundu hayo yana thamani kuliko yanavyopewa. Upana wa tundu ni upana wa mdomo wa bakuli, na duara la chini ni upana wa kisigino. Kwa vipimo hivyo viwili mjuzi wa kauri anaweza kukaribia kujua lilikuwa bakuli la aina gani na la karne gani, hata kama lenyewe limepotea. Kwa hiyo ukarabati wa kuziba matundu kwa saruji, ili nguzo ionekane nzima, hufuta ushahidi wa mwisho uliobaki. Saruji pia haina pumzi ya chokaa. Huifungia chumvi ndani, na miaka michache baadaye uso wa nguzo hubanduka pamoja nayo.

Huku Igalula mambo yamegeuka kwa namna ambayo Snay bin Amir asingeiamini. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kuliondoa bega la mpagazi kwenye hesabu. Kisha barabara, kisha malori. Kuanzia karibu mwaka 2017 viwanda vya tailizi vimewaka Mkuranga na Chalinze, Mkoa wa Pwani, vikiwa mali ya kampuni za Kichina. Ina maana kwamba ukanda uleule wa Kaole, baada ya karne zote hizo za kununua, sasa una tanuri la kuchoma kauri ya kung'aa, kwa udongo wa hapahapa. Kwa historia ya ufundi, hilo ni tukio kubwa kuliko tulivyolipokea.

Boksi za tailizi zinashuka Tabora na kusambazwa hadi kwenye vituo vidogo vya njia ya reli. Sebule zimewekwa, kuta za misikiti zimewekwa hadi usawa wa bega, na zaidi ya yote makaburi. Familia nyingi, za Waislamu na za Wakristo, zikiwa na uwezo zinajengea kaburi na kulivisha tailizi juu na pembeni. Kauri imerudi kaburini, na safari hii imevuka hadi kule ambako msafara haukuifikisha. Ukimuuliza fundi tailizi atakueleza pia matatizo ambayo fundi wa Kunduchi hakuyajua. Udongo wa mbuga hujaa maji masika na kupasuka kiangazi, nyumba inacheza juu yake, na tailizi haichezi. Ukuta wa tofali la kuchoma lililojengewa kwa tope haushiki saruji vizuri. Fundi mzuri hugonga kila kipande kwa sarafu baada ya siku kadhaa. Kikilia kizito, kimeshika. Kikilia kama debe, kuna uwazi nyuma, nacho kitaanguka.

Je, ni kufufuka? Sidhani, na sababu si ubovu wa mali. Tailizi ya Chalinze kwa uimara wa kioo chake inazidi mabakuli mengi yaliyoliwa na chumvi ya Kaole. Sababu ni kwamba nafasi yetu kwenye mnyororo imebaki ileile: tunapachika. Tanuri limesogea karibu, lakini anayeamua mchoro bado yuko mbali, na anaamua kwa kuangalia soko zima. Kigae cha Varamin kiliandikwa mwaka wake ukingoni, mihirabu ikawa na jina la aliyeichoma. Boksi lina jina la kiwanda, kipimo na namba ya toleo. Bakuli la Kilwa, ijapokuwa lilinunuliwa, lilichaguliwa moja moja na mtu aliyejua linakwenda juu ya kaburi la nani. Tailizi inachaguliwa kwa hesabu ya mita za mraba.

Na tayari dalili za uchovu zinaonekana, zilezile zilizoonekana Lamu. Miaka michache iliyopita sebule yenye tailizi ilikuwa habari katika kijiji. Leo mwenye nacho anatafuta jipsamu ya dari, taa za kubadilika rangi, geti la chuma la kuchomelea lenye maua. Akitaka tailizi iseme kitu kipya, hana wa kumwagiza, maana kiwanda hakiwashi tanuri kwa ajili ya mita thelathini za msikiti wa Igalula. Kamati ya ujenzi inanunua kilichopo dukani, kwa awamu, kadiri michango inavyoingia. Awamu ya pili ikifika, toleo lile limekwisha na mchoro umebadilishwa, kwa hiyo ukuta wa kibla unakuwa na maua ya aina moja na kuta za ubavuni maua ya aina nyingine.